UZI: Kompyuta kongwe ya nyumbani inakuwa klasiki kwa kigezo gani? Rafu ina nafasi sita tu

Chogo21 (mleta uzi):

Mbukwenyi wakuu.

Kuna stoo inasafishwa hapa Dodoma mjini na mnunuzi wa skrepa ameshataja bei yake kwa kilo. Ndani kuna marundo mawili. Kubwa ni deskitopu za mtumba za rangi ya maziwa, kama ishirini, kuanzia Pentium za mwanzo hadi Pentium 4. Dogo ni hili hapa:

ZX Spectrum 48K, ile ya vitufe vya mpira
BBC Micro Model B
Commodore 64 ya soko la Marekani, na adapta yake
Sinclair QL, haina adapta
IBM PC 5150, haina skrini
Macintosh Classic

Rafu iliyopo inabeba mashine sita, basi. Zinazobaki zinapanda Kirikuu kwenda kupimwa kilo. Naomba vigezo. Ila tafadhali jibu lisiwe "chukua ya zamani zaidi". Kwa hesabu hiyo hata kikokotoo cha dukani kitadai nafasi.

Fundi Makole:

Mkuu umeuliza vizuri, maana watu wengi wanachanganya kukongweka na kuwa klasiki. Kukongweka kunakuja kwenyewe, hata ukikaa bila kufanya lolote. Uklasiki unadaiwa ushahidi. Mimi napima kwa maswali matatu, na kwa mpangilio huu huu.

La kwanza: iliacha uzao? BBC Micro ilitoka Desemba 1981, prosesa 6502 ya megahezi 2, ram kilobaiti 32 kwa Model B. Kampuni iliyoitengeneza, Acorn, ndiyo iliyobuni prosesa ya ARM, na ARM ya kwanza ilipofika 1985 ilijaribiwa ikiwa imechomekwa kwenye BBC Micro kama prosesa ya pili. Leo simu iliyo mfukoni mwako inatumia ukoo huohuo. Mashine ya namna hiyo huiachi iende kwa kilo.

La pili: ina kitu ambacho huwezi kukipata kwingine kwa ukamilifu? Commodore 64 ya 1982 ina chipu ya sauti ya SID, kazi ya Bob Yannes. Sehemu ya chipu hiyo ni analojia, yenye filta ambazo hazilingani hata kati ya chipu mbili za aina moja. Programu ya kuigiza kwenye laptopu inakaribia, lakini mwenye sikio anasikia tofauti.

La tatu: inafunguka na kutengenezeka? Nazungumzia chipu zenye soketi, mchoro wa saketi unaopatikana, na vipuri ambavyo bado vinatengenezwa. Mashine isiyowaka na isiyoweza kuwashwa ni pambo.

Mauzo nayaweka nyuma. Yanasaidia kuamua pale mashine mbili zinapofungana, hayatoshi kuanzia nayo.

Nzuguni_B:

Kwa vigezo hivyo IBM 5150 inaingia, lakini mleta uzi kasema kompyuta ya NYUMBANI. Ile ilikuwa ya ofisini. Kompyuta ya nyumbani ya miaka ile inajulikana kwa umbo: kibodi na bodi viko kwenye ganda moja, skrini ni televisheni ya sebuleni, programu zinakaa kwenye kaseti, na ukiwasha inakupokea na BASIC (lugha ya kuandikia programu) papo hapo bila kusubiri diski. Spectrum, Commodore na BBC zinafaulu zote. IBM inafeli.

MamaSaketi:

Ndugu, geuza hiyo 5150 uangalie nyuma. Pembeni ya tundu la kibodi kuna tundu jingine linalofanana nalo kabisa. Hilo ni la kaseti. Na ukiiwasha bila diski yoyote inafungua BASIC iliyomo kwenye romu. Agosti 1981 ilipotangazwa, ya bei ya chini kabisa ilikuwa dola 1,565 ikiwa na ram ya kilobaiti 16, bila kiendeshi cha diski wala skrini, na kwa kadi ya rangi na kifaa cha kurushia picha iliweza kutumia televisheni. IBM waliilenga nyumbani pia. Waliofanya iwe ya ofisini ni wanunuzi.

Ila nakuunga mkono kwenye umbo. Kigezo cha umbo kinafaa zaidi ya mwaka wa kutengenezwa.

Mwana wa Zuzu:

Wadau mnajadili sebule ya nani? Mwaka 1974 Serikali ilizuia kuingiza kompyuta na televisheni nchini. Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Kwa hiyo wakati Spectrum inauzwa pauni 175 Uingereza, mwaka 1982, hapa kompyuta ya nyumbani ilikosa ruhusa ya kuingia na ilikosa televisheni ya kuchomeka. Enzi yote ya 1977 hadi 1990 ilipita juu ya vichwa vyetu kama ndege ya kwenda Nairobi.

Kwa mtu wa Dodoma kompyuta ya kwanza kuigusa ni hiyo mnayoidharau kwenye rundo kubwa: Pentium ya mtumba, iwe ya steshenari, ya intaneti kafe au ya darasa la kuchapa. Kama klasiki maana yake ni mashine iliyofungua mlango kwa watu, basi rafu bila Pentium ni rafu ya kumbukumbu za Waingereza.

Fundi Makole:

Hoja nzito na naikubali nusu. Tatizo ni kwamba Pentium ishirini si mashine ishirini. Ni bodi moja iliyofungwa kwenye maboksi tofauti. Hapo ndipo kigezo cha pili kinapofanya kazi: tafuta ile moja yenye kitu ambacho wenzake hawana.

Fungua ubavu. Angalia nafasi za kadi. Nyeupe fupi ni PCI, hata Pentium 4 inazo. Nyeusi ndefu, kwa kawaida mbali na prosesa, ni ISA. Bodi yenye ISA mbili au tatu na prosesa ya Pentium MMX kati ya megahezi 166 na 233 ndiyo ya kuokoa. Sababu ni sauti: michezo ya DOS (mfumo wa kabla ya Windows) inazungumza moja kwa moja na kadi za sauti za aina ya Sound Blaster za ISA, kwenye anwani 220 na mstari wa IRQ (wa kuita prosesa) wa 5 au 7. Ukiweka kadi ya PCI inabidi programu iigize hayo yote, na michezo mingi inabaki bubu au inaganda. Halafu MMX ina uzuri mwingine. Ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya bodi) uzime kashe, ile kumbukumbu ya haraka ya prosesa, inashuka kasi mpaka michezo ya miaka ya 1980 inachezeka bila kukimbia kama imeibiwa.

Pentium 4 acha iende. Joto nyingi, ISA hamna, na bodi za kati ya 1999 na 2007 zina ugonjwa wa kapasita kuvimba. Utaziona kando ya prosesa: kichwa kimetuna, au kimepasuka na kutoa ute wa kahawia.

Nzuguni_B:

Basi Pentium MMX moja ndani. Sasa mashine moja kati ya zile sita lazima itoke. Napendekeza QL. Ilitangazwa Januari 1984 kwa pauni 399, ikaanza kuuzwa haijakamilika, na ikatumia vikanda vidogo vya microdrive ambavyo leo sponji yake ya kubana utepe imegeuka unga. Soko liliikataa. Iliyofeli haiwi klasiki.

MamaSaketi:

Linus Torvalds alijifunza kuandika programu za kina kwenye QL kabla hajaanza mfumo wa uendeshaji wa Linux. Simu zote za Android hapa Dodoma zina moyo wa Linux. Kigezo cha uzao kilichoiingiza BBC kinaiingiza na QL.

Nzuguni_B:

Hapana dada. ARM ilitoka kwa watu walewale waliojenga BBC, na mashine yenyewe ilitumika kuijenga. Linux haikuandikwa kwenye QL, iliandikwa kwenye PC yenye prosesa ya 386 mwaka 1991. Mtu kujifunzia baiskeli fulani hakuifanyi baiskeli hiyo kuwa baba wa gari analoendesha leo.

Mwana wa Zuzu:

😂😂 Hapo umempiga chenga.

Kapasita Mbovu:

Mnasahau mashine iliyojiandikia jina. Macintosh Classic inaitwa Classic na bado sioni kwa nini ikae kwenye rafu. Ilitoka Oktoba 1990, na ndani ni prosesa ileile ya 68000 ya megahezi 8 iliyokuwemo kwenye Macintosh ya kwanza ya Januari 1984. Iliyobadilisha mambo ni ile ya 1984. Hii ni toleo la bei nafuu la dola 999, miaka sita baadaye. Kwa vigezo vyote vya Fundi hapo juu, ile ya mwanzo inapita na hii inabaki na lebo tu.

Isipokuwa jambo moja, nalitaja kwa haki yake: Classic ina mfumo mzima wa uendeshaji ndani ya romu. Hadidiski ikifa, unawasha huku umeshikilia vitufe vya Command, Option, X na O kwa pamoja, inafunguka System 6.0.3 bila diski yoyote. Kwa kujaribu mashine ya stoo ni msaada mkubwa.

Chogo21:

Wakuu, kabla ya kupigania nafasi, kuna uwezekano nusu yake ni mizoga. Nazijaribuje bila kuziua? Pale stoo umeme wa Tanesco upo.

Fundi Makole:

Hapa kaa chini usome taratibu, maana mashine nyingi za zamani zinakufa siku ya kufufuliwa. Kosa la kwanza la kila mtu ni kuichomeka ili aone kama inawaka.

Anza na lebo ya nyuma. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Adapta ya Commodore ya Marekani ni ya volti 120 hivi. Ukiichomeka ukutani inaungua hapohapo. Na hata ukiiwekea trafo ya kushusha umeme, USIITUMIE. Adapta za Commodore 64 zimejazwa gundi ngumu ndani, regyuleta (kidhibiti cha volti) inapika humo miaka na miaka, na ikifa mara nyingi inapandisha ile volti 5 badala ya kuikata. Ram zinakufa kimya. Ukipata nyingine ya Commodore ya volti 230, pima kwanza kwa mita: kwenye plagi ya pini 7, pini ya 5 ni +5, pini ya 2 ni hasi, pini za 6 na 7 ni volti 9 za AC. Ikizidi 5.2, tupa. Ikisoma 5.0 bado usiamini, kwa sababu inaweza kupanda baada ya kupata moto. Njia ya uhakika ni kuunda nyingine: volti 5 DC ya ampea 2 yenye ubora, pamoja na trafo ndogo ya volti 9 AC ya ampea 1, viwe kwenye boksi moja.

Kwa kuwa ni ya Marekani, picha yake ni NTSC, mfumo wa picha wa Marekani. Chogo (televisheni za zamani zenye mgongo) nyingi zilizouzwa huku zinasoma mifumo yote kupitia waya wa njano, kwa hiyo tumia kebo ya video, achana na antena. Saa ya ndani ya chipu za Commodore ziitwazo CIA inahesabu mawimbi ya ule umeme wa AC. Kwenye hezi 50 itachelewa sekunde 10 kila dakika kama programu inadhani ni hezi 60. Si ubovu.

Spectrum nayo ina mtego wake. Inataka volti 9 DC za ampea 1.4, na ncha ya ndani ya plagi ni HASI. Adapta za ruta na kamera zinazouzwa madukani karibu zote ncha ya ndani ni chanya. Plagi inaingia vizuri kabisa, halafu transista TR4 inakufa, na inaondoka na ram. Geuza nyaya, pima, ndipo uchomeke. Ikiwaka utaona skrini nyeusi, kisha maandishi ya haki ya Sinclair Research ya 1982 chini. Ikileta milia au vipande vya rangi visivyotulia, pima ram za chini, zile nane za aina ya 4116: pini 1 iwe −5, pini 8 iwe +12, pini 9 iwe +5, pini 16 hasi. Ile −5 ikipotea huku +12 ipo, chipu zinaungua moja baada ya nyingine. Zima haraka, shughulika na TR4 kwanza.

MamaSaketi:

Naongezea BBC na IBM.

BBC Micro: fungua pawa saplai kabla ya kuwasha. Humo kuna kapasita mbili za kuchuja umeme wa ukutani, aina ya RIFA, zina ganda la njano angavu unaloona ndani yake. Ganda hupasuka nyufa ndogondogo, unyevu unaingia, ukiwasha zinalipuka na moshi wa kunuka ambao hautoki kwenye mapazia wiki nzima. Mashine yenyewe haifi, lakini jirani anaweza kuita zimamoto. Weka mpya za daraja X2, volti 275 za AC: moja ya 0.1 µF, moja ya 0.01 µF. Kapasita ya kawaida ya redio haifai hapo hata kama namba zinalingana, kwa sababu ikishindwa inaweza kuwaka moto.

Ukiwasha BBC nzima inalia kwa sauti mbili, nzito kisha nyembamba. Ikibaki kwenye ile nzito bila kukoma, prosesa haijaanza kazi. Chipu zake nyingi ziko kwenye soketi. Zinyanyue kidogo kidogo kwa bisibisi bapa, pande zote mbili kwa zamu, uzikandamize tena. Kutu ya pini ndiyo sababu ya kawaida.

IBM 5150: ukiwasha feni inashtuka kisha inanyamaza. Usikimbilie kusema pawa saplai imekufa. Inajilinda, maana kuna shoti kwenye laini ya volti 12. Mhalifu ni kapasita za tantalamu, vidude vya umbo la tone la maji. Toa kadi zote, jaribu, rudisha moja moja. Iliyoleta shoti, kata hiyo kapasita, weka ya 10 µF lakini chagua ya volti 25, kwa sababu zile za 16 zilikuwa zimewekwa karibu mno na kikomo.

Na zile Pentium: nyuma ya pawa saplai nyingi kuna swichi nyekundu ya 115/230. Mashine iliyotoka Marekani mara nyingi imekaa 115. Ukichomeka hivyo hapa, utasikia mlipuko.

Kwa zote, tumia taa ya siris kwa mara ya kwanza: balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 kwenye mfuatano na mashine. Ikimulika mara moja na kufifia, endelea. Ikikaa kwa mwanga mkali, kuna shoti. Balbu ya LED haifanyi kazi hii.

Kapasita Mbovu:

Macintosh usiifungue kichwakichwa. Skrini iko ndani ya ganda hilohilo na chogo lenyewe, yaani bomba la kioo la picha, linatunza maelfu ya volti hata ikiwa imechomolewa. Fundi televisheni anajua kuitoa: bisibisi yenye mpini mzuri, waya kwenda kwenye fremu ya chuma inayoizunguka skrini, ncha chini ya kifuniko cha mpira, mkono mmoja mfukoni.

Ikiwaka na kuonyesha vyumba vyeusi na vyeupe kama ubao wa drafti, kapasita ndogo za bodi zimevuja. Osha bodi kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki, suuza, malizia na spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya hospitali ya asilimia 70 ina maji mengi, itabidi ikauke muda mrefu zaidi. Kisha badilisha kapasita zote, si zile zinazoonekana mbovu peke yake.

Mwana wa Zuzu:

Kuhusu vumbi letu: msiipeleke mashine kwa wajaza upepo wa matairi. Kompresa ile inatema maji na mafuta. Brashi laini ya rangi na blowa ya mkono vinatosha, na shikilia panga za feni zisizunguke. Fanya kabla ya mvua za Desemba, kwa sababu vumbi jekundu likipata unyevu linaanza kupitisha umeme kati ya pini.

Na kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa ya Dodoma ni kavu mno, sweta la nailoni linatoa cheche gizani. Chipu za enzi ile haziziwezi cheche hizo. Gusa chuma chenye waya wa ardhi kila unapoanza.

Nzuguni_B:

Ganda la njano je? Watu wanapaka dawa ya saluni, peroksaidi ya asilimia 12, wanafunga nailoni na kuanika juani.

Mwana wa Zuzu:

Kwa jua la hapa saa mbili nyingi, na plastiki inapinda ikiwekwa juu ya bati. Dawa ikikauka sehemu moja inaacha michirizi myeupe ambayo haitoki. Mimi naona njano iachwe. Haizuii kitu.

Chogo21:

Nimesoma zote. Spectrum, BBC, Commodore, IBM na Pentium MMX moja yenye ISA nyingi zinaingia. Nafasi ya sita inabaki kati ya QL na Macintosh.

Swali dogo la Spectrum: kaseti zake hazipo. Simu inaweza kupakia?

Fundi Makole:

Inaweza. Waya wa 3.5 mm kutoka simu kwenda tundu la EAR, faili la sauti la WAV, sauti juu kabisa, na zima maboresho yote ya besi. Weka simu kwenye hali ya ndege na ichomoe kwenye chaja, maana mlio mmoja wa ujumbe au mvumo wa chaja unakuletea "R Tape loading error" ukiwa umeshasubiri dakika nne kati ya tano.

Nafasi ya sita kura yangu ni QL, licha ya hoja ya Nzuguni_B. Tatizo la adapta linatatulika: inahitaji volti 9 DC na volti 15.6 AC kwa pamoja, trafo hiyo inasukwa na fundi yeyote wa stebilaiza.

Nzuguni_B:

Kura yangu Macintosh. Angalau watu wakipita wataona picha na kishale cha kipanya. QL itakaa na kitambaa juu mwaka mzima ikisubiri trafo.

MamaSaketi:

Muendelee kupiga kura, lakini Chogo21 leo hii toa betri kwenye Macintosh. Ni ya lithiamu, volti 3.6, nusu ya urefu wa betri ya kawaida ya AA, iko kwenye bodi kuu. Zikizeeka zinapasuka na tindikali yake inakula bodi na fremu. Hata mkiamua iende kwa kilo, isiende na hiyo betri ndani.

Chogo21:

Sawa dada. Naanzia kumtafuta fundi televisheni wa kuitoa ile chaji ya skrini.